Chanjo ya soya na lile duka lenye friji pale Mwanjelwa

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke na kitu mkononi: chanjo ya soya, yani bakteria hai wanaopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda, nunua, ila nunua kwa mtu anayeitunza kwenye ubaridi, na ukishaipata usikae nayo. Pakiti naipa nyota nne, duka nalo nalipa nyota tano. Najua ni ajabu kidogo duka kuipita bidhaa yenyewe, na hapo ndo penye hoja yangu, maana huku kwetu Mbeya na Songwe naona watu wengi wananunua hii kitu bila kuuliza chochote, mtu anafika nyumbani anaiweka juu ya kabati chini ya bati, inakaa hapo mpaka mvua zikolee, halafu soya ikitoka na majani ya njano anasema bakteria ni utapeli wa watu wa miradi. Sio utapeli. Wamekufa njaa kabatini kwako.

Kwa ambao hawajawahi kuiona: ni pakiti ya gramu 100, ndani kuna mboji laini nyeusi, ile inayochimbwa kwenye ardhi chepechepe, ina unyevunyevu, ukiifinya inashikana kidogo halafu inamomonyoka, harufu yake ni ya udongo baada ya mvua. Ndani ya hiyo mboji wamo bakteria hai wa aina ya Bradyrhizobium, na pakiti nzima isiyochezewa inatakiwa iwe nao mamia ya milioni mpaka bilioni kwa gramu moja tu. Kazi yao wanaingia kwenye mzizi wa soya, mmea unawajengea vinundu, wao wanachukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa yote tunayovuta na hakuna mmea unaoweza kuitumia ikiwa hivyo hivyo, wanaigeuza iwe chakula cha mmea. Kwa wastani soya inapata nusu au zaidi kidogo ya naitrojeni yake kwa njia hii. Bei yangu haikufika elfu kumi kwa pakiti, moja inatosha kilo 10 mpaka 15 za mbegu kwa jinsi walivyoandika, kwa hiyo ekari inakula pakiti mbili au tatu hivi. Weka hiyo hela pembeni ya bei ya mfuko wa kilo 50 wa UREA, mbolea ya naitrojeni ya dukani, uone mwenyewe.

Sasa duka. Lipo maeneo ya maduka ya pembejeo jirani na soko la Mwanjelwa, ukiuliza duka lenye friji ya chanjo utaonyeshwa. Mle ndani pamebanana kama maduka yote ya pale, mbegu za mahindi mpaka mlangoni, mabomba ya kupulizia yananing'inia juu, ila kwenye kona kuna friji ya kawaida ya nyumbani ambayo haina soda hata moja, ni chanjo tu na daftari juu yake. Dada anayeuza anajua kazi yake. Nilienda mapema, mvua zilikuwa zimedondoka mara moja tu, nikaomba pakiti za shamba langu la Mbozi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, hujambo. Nipatie chanjo ya soya, ya ekari mbili."

"Shamba lipo wapi mwalimu?"

"Kule Mbozi, ukipita Vwawa."

"Na umeshapiga haro?"

"Bado, trekta nimeahidiwa wiki ijayo."

Akaacha kufungua friji. Akaniambia, "Basi mwalimu usichukue leo. Lipia kama unataka nikuandikie kwenye daftari zibaki zako, uache hapa hapa kwenye baridi, ukiwa unapanda kesho yake ndo upitie. Ukienda nazo sasa hivi zitakaa wapi?"

Niambieni ni duka gani mjini linakuzuia kuondoka na bidhaa uliyokwisha kuilipia kwa sababu bidhaa yenyewe itaumia. Nilivyorudi kuzichukua akanionyesha tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho kwenye kila pakiti, akazifunga kwenye gazeti mara mbili, akaweka kwenye kiboksi akasema nisiziweke kwenye dashibodi ya gari. Nimefundisha baiolojia miaka mingi na sikuwa na neno la kuongeza.

Kwa nini yule dada yuko sahihi, hapa naomba mnivumilie maana ndo sehemu ninayoipenda. Bakteria wa kwenye pakiti hawali, au tuseme wanaokota kidogo sana kwenye ile mboji. Wanaishi kwa akiba waliyoingia nayo. Kule kiwandani walikuzwa kwenye matanki ya mchuzi wenye sukari, mara nyingi ni manitoli na rojo ya hamira, wakashiba. Bakteria akiwa na kaboni nyingi, yani sukari na jamaa zake, lakini kitu kingine kimepungua, labda naitrojeni, labda fosforasi, labda oksijeni, anashindwa kugawanyika maana huwezi kujenga protini na DNA kwa sukari peke yake. Lakini haachi kula. Ile kaboni ya ziada anaigeuza kuwa chembechembe ngumu ndani ya mwili wake, na kwa hawa wa soya chembe hizo zinaitwa PHB, kwa kirefu polihidroksibutireti. Ni kama nyumba iliyovuna mahindi mengi ikajaza kihenge Julai, ikaja kula Januari watu wengine wanapokopa debe. Siku chakula cha nje kikikata, vimeng'enya vyake vinakatakata ile PHB kipande kwa kipande, inarudi kuwa asetili-koA, kitu ambacho kila seli inajua kukichoma kupata nguvu.

Kuna mtu anaweza kuuliza kwa nini asitunze sukari tu kama sukari. Sukari ikiyeyuka ndani ya seli inavuta maji, ukiijaza sana seli inavimba na presha inakuwa tatizo. PHB haiyeyuki kwenye maji, unaweza kuijaza kwenye seli ndogo kiasi kikubwa sana na maji yasijali. Bakteria wengine wanapitia njia nyingine kwa sababu ile ile, E. coli wa tumboni anatunza glikojeni, hiyo hiyo iliyopo kwenye ini letu, na yule wa kifua kikuu anapojificha mwilini anatunza vitone vya mafuta, na ni sehemu ya uwezo wake wa kukaa kimya muda mrefu ndani ya mtu. Kila mmoja na ghala lake.

PHB yenyewe aliigundua Mfaransa Maurice Lemoigne, ilikuwa 1926, akiwa Taasisi ya Pasteur, kwa bakteria anayeitwa Bacillus megaterium. Ni familia ya poliesta, na ikitolewa kwenye bakteria inakuwa plastiki kabisa, plastiki inayooza, watu wanatengenezea vifungashio. Yupo bakteria anaitwa Cupriavidus necator, ukimlisha sukari ukambania naitrojeni anajaza PHB mpaka asilimia 80 ya uzito wake mkavu. Wa soya wanapokuwa ndani ya kinundu wanaweza kufika karibu nusu ya uzito wao. Nusu! Ukiwatia rangi inayoshika mafuta, Sudan Black, ukawaweka chini ya hadubini nzuri unaona seli zimejaa madoa meusi.

Sasa hii inamhusu vipi mnunuzi. Kuna watafiti wa Rehovot kule Israeli walifanya kazi na bakteria mwingine wa kwenye mizizi, Azospirillum, wakachukua wenye uwezo wa kutengeneza PHB na wengine waliozimwa jeni ya kuitengeneza, wakawapitisha kwenye njaa, joto, ukavu, miale ya UV kama ile ya jua. Wenye akiba walivumilia zaidi. Na kwenye mashamba ya Amerika ya Kusini chanjo za mboji zilizotengenezwa kwa Azospirillum hao walioshiba PHB ziliongeza mavuno. Kwa hiyo ubora wa pakiti haupo kwenye idadi ya bakteria tu, upo pia kwenye walivyolishwa kabla ya kufungwa. PHB sio kila kitu, ukavu kwa mfano wanapambana nao zaidi kwa sukari inaitwa trehalosi, ila njaa ni PHB.

Na joto ndo linalokula akiba. Bakteria akiwa kwenye baridi mwili wake unaenda polepole, akiba inadumu miezi. Ukimpasha moto anachoma haraka hata kama hafanyi kazi yoyote, mboji nayo inakauka, na joto likizidi anakufa moja kwa moja akiba ikiwa bado ipo. Ndo maana maelekezo yanasema ubaridi, kivuli, isizidi nyuzi ishirini na kitu. Watu wa Mbeya tunajidanganya kwamba mji wetu wa baridi hauna haja ya friji, wakati Oktoba na Novemba, kipindi hasa chanjo zinaposhuka madukani, ndo joto letu lote la mwaka lipo, na chini ya bati mchana hapakaliki. Halafu fikiria ilikotoka, imepanda buti la basi Dar, imepita Mikumi, imepita Ruaha Mbuyuni pale ambapo hata abiria wanapumua kwa shida, ndo ipande Kitonga ianze kupata hewa. Kuna duka jingine mjini, jina nalihifadhi, pakiti zimepangwa dirishani zinaangalia jua la saa nane, jirani yangu wa shamba alichukua huko na mizizi yake ilitoka mitupu. Tarehe ilikuwa bado nzuri tu. Tarehe haijui kama pakiti ilikaa juani.

Matumizi ni rahisi, msiogope. Nilikoroga sukari kidogo kwenye maji yaliyopoa, nikanyunyizia mbegu kwenye beseni mpaka zikanata bila kulowa, nikamwaga ile mboji nikageuza kwa mkono taratibu mpaka kila punje ikawa nyeusi, yote hiyo chini ya mparachichi, jua halikugusa. Mbegu yangu ni Uyole Soya, zile za utafiti pale Uyole. Usitumie mbegu uliyoipaka dawa ya ukungu yenye shaba, utawaua. Panda siku hiyo hiyo, udongo uwe na unyevu, fukia hapo hapo, usifungue shimo ukaacha mbegu inaangalia jua huku mnakunywa togwa. Weka mbolea ya fosforasi, TSP au Minjingu, maana bila fosforasi vinundu vinadumaa, lakini UREA iache, soya ikipata naitrojeni ya bure kwenye udongo haihangaiki kuwapokea bakteria. Na kama shamba lako lina asidi sana, na maeneo mengi ya nyanda za juu yana asidi, chokaa mazao kwanza.

Matokeo: niliacha mistari michache pembeni bila chanjo makusudi. Mpaka wiki ya nne mtu asingeona tofauti. Zilipoanza kutoa maua, ile mistari ilikuwa ya kijani iliyofifia inayoelekea njano, na upande wa chanjo kijani kizito, majani mapana. Nikachimba mashina kwa jembe, msivute kwa mkono mtaacha vinundu chini, nikasuuza mizizi kwenye ndoo. Upande wa chanjo vinundu vilikuwa vimesongamana pale juu ya mzizi mkuu, vikubwa kama punje ya soya yenyewe, nikapasua kimoja kwa wembe ndani kikawa chekundu, rangi ya nyama mbichi. Ule wekundu ni leghemoglobini, ndugu wa ile ya kwenye damu yetu, inasimamia oksijeni isiwaue mitambo yao ya kugeuza naitrojeni. Kinundu cheupe au cha kijani ndani hakifanyi kazi hata kiwe kikubwa vipi. Upande usio na chanjo nilikuta vichache, vidogo, vimetawanyika mbali kwenye mizizi ya pembeni, vingi vyeupe.

Kuna jambo moja watu wa chanjo hawalisemi na mi naona mkulima anastahili kulijua. Bakteria ndani ya kinundu hafanyi kazi kwa ajili yako tu. Mmea unamlisha kaboni, na sehemu ya hiyo kaboni badala ya kuichoma ageuze naitrojeni anajiwekea PHB yake. Walishapima 1971 huko Marekani, vinundu vya soya vyenye PHB kibao, wakakatiza chakula kinachotoka kwenye majani, kazi ya naitrojeni ikaporomoka vile vile. Kwa hiyo akiba ile ni ya bakteria mwenyewe, hakuweka kwa ajili ya soya. Na kwa bakteria wa maharage, Rhizobium etli, walipozima uwezo wa kutengeneza PHB, kinundu kilifanya kazi ya naitrojeni kwa nguvu zaidi. Ukilisikia hivi haraka unaweza kusema basi ni mwizi, atafutwe asiyeweka akiba. Mi nakataa. Soya ikishakomaa kinundu kinaoza, bakteria wanarudi kwenye udongo, na huko kuanzia Juni mpaka mvua za mwisho wa mwaka hakuna mzizi wa soya wa kuwalisha. Wanaovuka ni wale waliotoka na akiba. Kuna utafiti wa 2010 wa bakteria wa aina hiyo, Sinorhizobium meliloti, akikutwa na njaa anagawanyika watoto wawili wasiolingana, mmoja anabaki na PHB nyingi anatulia kusubiri njaa ndefu, mwenzake anapewa kidogo, yuko tayari chakula kikirudi karibuni. Kiumbe cha seli moja, hana ubongo, anajipanga kwa hali mbili asizozijua. Nilipowasomea kidato cha tatu hiki kitu darasa lilinyamaza lote.

Na faida yake kwetu ni kwamba shamba lililowahi kuchanjwa vizuri mara nyingi linabaki na bakteria wake, msimu unaofuata unaweza kuruka ukiona vinundu bado ni vyekundu, ila pale penye asidi kali wanapungua haraka, hapo rudia.

Nyota moja nimeikata kwenye pakiti kwa mambo haya. Maelekezo yote ni Kiingereza, maandishi ya kusoma kwa miwani, wakati anayepanda ni mama wa Itaka au Igamba anayesoma Kiswahili vizuri kabisa. Neno soya limeandikwa kwa udogo, na nimeona watu wanapaka chanjo hiyo kwenye maharage, haifanyi kitu, bakteria wa maharage ni wengine na pakiti yake ni nyingine. Na hakuna alama yoyote ya kukuonyesha kama pakiti ilipata joto njiani, wakati chupa za chanjo za watoto kliniki zina kile kidoa kinachobadilika rangi. Wangeiga tu.

Duka sina cha kulikata. Labda niseme Jumamosi pamejaa hapapitiki na dada anakuwa peke yake, nenda siku za katikati ya wiki asubuhi. Mzigo unaingia mara chache kwa msimu na unaisha haraka, kwa hiyo wa Chunya, Tukuyu na kule Makambako pigeni simu kwanza muulize kama ipo na ni ya mwezi gani. Nimeuliza ya maharage, amesema ataleta kabla ya msimu wa pili, nimeshaandikisha jina kwenye daftari.